Figa la Tatu

Jiwe lilifika langoni kabla ofisi haijafunguliwa. Watu wa Nhelela walilitua pembeni, chini ya ubao wa matangazo, kwa sababu mahali pake penyewe palikuwa bado panangoja mhuri. Hatua sita kutoka hapo, katikati ya njia kabisa, yalikaa mawe mengine mawili ambayo magari ya wakubwa yalikuwa yameshazoea kuyakwepa. Moja lilikuwa la Ngusa, lina miaka mitatu pale. La pili la Minza, lina miezi minane. Hili jipya lilikuwa na masizi upande mmoja na, ukiligusa, lilikuwa bado na joto la moto.

Bi Nshoma Gwitanda aliligusa. Hakupaswa. Msajili wa Sababu haonyeshi upande wowote kabla ya kuandika, na watu wapatao mia mbili waliokuwa wamekaa nje ya lango walimwona akiinama, wakaanza kunong'onezana. Mama mmoja alimsalimu kwa heshima zote, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye akaitikia mwangaluka, akaingia ndani upesi kuliko magoti yake yalivyotaka.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mawili nayo hayainjiki, na hilo ndilo lililowaleta watu pale asubuhi hiyo.

Sheria ya Kiti ilikuwa sheria njema, kama zilivyo sheria zote siku zinapozaliwa. Ilitungwa baada ya Ukame Mrefu, Shirikisho lilipogundua kwamba wakulima na wafugaji elfu kadhaa walikuwa wamejiua na hakuna hata kiongozi mmoja aliyekosa usingizi. Wabunge wakasema, basi kila anayejiua aandikiwe sababu: Maradhi, Aibu, au Ushahidi. Ushahidi maana yake ni kwamba marehemu alikufa akiwashtaki waliomtawala. Ukitimia mara tatu ndani ya miaka mitano, mkuu wa wilaya anaacha kiti kabla jua halijazama, na hakuna pa kukata rufaa. Watu walipiga makofi. Hawakungoja kufundishwa namna ya kuhesabu; walianza kutoa figa moja jikoni kwa marehemu na kulipeleka langoni kwa mkuu. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku ambayo wilaya itabakiza moja.

Nhelela ilikuwa imebakiza moja. Na Mzee Luhende, mfugaji wa miaka sitini na minane, alikuwa amejiua wiki iliyopita.

*

Sikio la nyumba ya mzee lilikuwa mezani kwa Bi Nshoma tangu jana, ndani ya mfuko wenye lakiri. Kila nyumba ilikuwa nalo, dogo kama kifuniko cha chupa, limebandikwa juu ya mlango wa sebule. Lilisikia, likatunza siku arobaini, likafuta. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua mpaka mtu ajiue, na hata hapo ni Msajili peke yake, na haruhusiwi kumwambia mtu alichokisikia. Watu walikuwa wamelizoea kama wanavyomzoea mjusi ukutani.

Alilipachika kwenye Mizani. Mashine hiyo ilikuwa imelishwa vifo vya dunia nzima: watawa waliojitoa mhanga mbele ya majeshi, mawaziri ambao kwao kujiua kulihesabiwa kuwa ni kuomba radhi, wafungwa waliogoma kula, wakulima wa pamba, wachuuzi. Ilijifunza namna watu wa kila lugha wanavyosema wakichoka, na namna wanavyosema wakikasirika. Ilichukua dakika nne.

Ushahidi, iliandika. Tisini na nne kwa mia.

Angeweza kugonga mhuri hapo hapo. Wasajili wengi walifanya hivyo, wakaenda kunywa chai. Lakini Bi Nshoma alikuwa na ukaidi wa kusikiliza mwenyewe, ukaidi uliomfanya acheleweshe kila faili na asipandishwe cheo kwa miaka kumi na mitano. Akavaa visikilizio, akafumba macho.

Siku ishirini na mbili za kwanza hazikuwa na siasa ndani yake. Zilikuwa na mzee anayekohoa, anayezunguka chumbani, anayeliita jina la mkewe aliyefariki mwaka juzi kana kwamba yuko jikoni. Aliwataja ng'ombe wake kumi na mmoja waliokufa, mmoja mmoja kwa rangi. Alisema chakula hakina ladha. Alisema usingizi umemhama. Binti yake Kabula alisikika kila jioni: "Baba, umekula?" Na mzee kila jioni alijibu, "Nimekula," na nyayo za binti zikaondoka.

Siku ya ishirini na tatu mzee alianza mazoezi.

"Kiu hii ina mwenyewe," alisema. Akakohoa. "Ina mwenyewe, na mwenyewe anakunywa. Ehee. Hivyo."

Bi Nshoma alirudisha nyuma, akasikiliza tena.

Aliyajua maneno hayo. Yalikuwa kwenye taarifa ya Minza, iliyobandikwa kila kijiji kama sheria inavyotaka, na mwalimu mmoja aliyapenda hata akayaandika ubaoni. Tatizo ni kwamba Minza hakuwahi kuyasema. Minza, Mungu amrehemu, alisema tu kwamba maji hakuna na mheshimiwa anaoga. Bi Nshoma ndiye aliyeyanyoosha, akiwa na hasira na kalamu nzuri, na siku ile aliona fahari.

Siku kumi na saba mzee aliyarudia, akikosea, akijisahihisha, kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Siku ya mwisho aliyasema yote bila kukosea, kisha akaongeza mengine ambayo hayakuwa ya mtu yeyote ila yeye.

"Bi Msajili, najua utanisikia. Mimi nimechoka tu, mama. Lakini niandikie vizuri. Binti yangu ni mjamzito. Akipata mtoto wa kiume nataka apate jina. Ukiandika kwamba nilichoka, jina langu litazikwa. Nisaidie, mama."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililouma. Nhelela, jina la aliyejiua huzikwa pamoja naye. Mjukuu halirithi, na baada ya miaka kumi hata wanawe huona haya kulitaja. Lakini watu wenyewe, bila kushauriwa na yeyote, walikuwa wamewasamehe wa Ushahidi. Kliniki ya watoto sasa ilikuwa na akina Minza watano na Ngusa tisa. Na Kabula alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku moja baada ya baba yake kufa.

Bi Nshoma alilia. Alilia kidogo kidogo, kama mtu anayelia ofisini, kisha akajifuta kwa upindo wa kitenge kwa sababu simu ya mezani ilikuwa inaita.

"Bi Nshoma," ilisema sauti ya Mheshimiwa Shilatu, mkuu wa wilaya, pole kabisa. "Sitaki kukuingilia. Wewe ni mtu wa sayansi. Mzee yule alikuwa mgonjwa, kila mtu anajua. Ni hilo tu."

"Nimesikia, mheshimiwa."

Alikata simu, akamchukia kuliko alivyowahi kumchukia. Ni vibaya kudanganywa na mtu usiyempenda. Ni vibaya zaidi akikwambia kweli.

*

Jidayi aliingia saa nne. Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Watumia Maji, mwanamume wa miaka arobaini na mikono ya fundi bomba, macho mekundu ya mtu ambaye halali vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kumkatalia kungekuwa rahisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Jidayi. Keti."

Hakuketi. "Mizani imesema?"

"Imesema Ushahidi."

Aliachia pumzi ndefu, akaliangalia dirisha lililotazama lango. "Basi gonga, mama. Watu wako juani."

"Mzee alikuwa anaumwa, Jidayi. Huzuni. Aliumwa muda mrefu."

"Nani haumwi hapa? Maji tunayapata siku mbili kwa wiki. Siku tano yanakwenda kiwanda cha betri, yakaoshe udongo wa madini. Ng'ombe kumi na mmoja, mama! Ukiandika maradhi unasema kichwa cha mzee ndicho kilichoharibika, na wilaya haina kosa."

"Wilaya ina kosa. Silikatai hilo."

"Sasa?" Alisogea mezani. "Kuna nchi mtawa mmoja alikufa, serikali ikayumba. Kuna nchi mchuuzi mmoja tu, si chifu, si nani, rais akapanda ndege akakimbia. Sisi wa hapa zamani tulikuwa tunamzika mtu kama huyo bila ngoma na kumtupa na jina lake. Sheria hii ndiyo iliyotufundisha kumheshimu."

"Hizo nchi nazijua, zimo humu." Bi Nshoma aligonga Mizani kwa kidole. "Kila watu wana namna yao ya kukisoma kifo. Lakini yule mtawa hakuna aliyempa fomu ajaze. Hakuna aliyemwambia zimebaki nafasi ngapi." Akamgeukia. "Baada ya Ngusa, mlisema nini pale langoni?"

"Tulisema mengi."

"Mwishoni. Ulisema nini wewe na kipaza sauti?"

Jidayi aliangalia viganja vyake. "Nilisema, limewekwa moja, yamebaki mawili."

"Na baada ya Minza?"

Jidayi alivikunja viganja.

"Mzee Luhende alikuwa anakaa mstari wa ngapi?"

"Wa mbele," alisema Jidayi. "Alikuwa hakosi. Alikuwa anapiga makofi." Sasa akaketi. "Unasema tumemwua sisi, mama?"

"Sisemi hivyo. Mimi ndiye niliyemtungia maneno. Nikigonga huu mhuri leo, Shilatu anaondoka jioni na maji yanarudi, pengine. Na kila mgonjwa wa wilaya hii na wilaya jirani atajua kwamba kuna njia ya kuuzika ugonjwa wake kwa heshima. Wa nne ni nani, Jidayi? Unamjua?"

Jidayi alijifuta uso kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa alionekana mzee kuliko alipoingia.

"Na maji, mama?" aliuliza taratibu. "Tuendelee kunywa ukweli?"

Bi Nshoma aliinuka. Alichukua mhuri, akautia mfukoni, akamwambia amngoje mpaka saa nane.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa umbali wa dakika kumi kwa mguu. Kabula alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mtoto wa siku sita kifuani, na mbele yake uani palikuwa na majivu, mafiga mawili, na chungu kilicholazwa ubavu. Jiko la jua lilikuwapo ukutani kama kwa kila mtu, lakini uji wa mzazi haupikwi huko. Hupikwa kwenye mafiga, kwa moto wa kuni, mpaka siku arobaini ziishe. Uji wenyewe ulikuwa umemwagika na kuku walikuwa wanaumaliza.

"Shikamoo, mama. Samahani, siwezi kukukaribisha chochote. Shangazi ndiye aliyewapa jiwe. Alisema ni heshima, nisiwacheleweshe watu. Uji ulikuwa motoni."

"Marahaba, mwanangu. Hujala tangu asubuhi?"

"Bado." Alimrekebisha mtoto. "Shangazi anasema kesho tunampa jina, ukishagonga. Usipogonga anasema tumwite kwa siku aliyozaliwa."

Sheria ilisema Msajili afunge mdomo. Bi Nshoma alikaa chini kwenye mkeka, ukubwa wake wote na miaka yake yote, akaufungua. Alimwambia habari za kikohozi, za ng'ombe waliotajwa kwa rangi, za mama yake aliyeitwa jikoni. Alimwambia habari za mazoezi. Alimwambia maneno ya mwisho kama yalivyokuwa, bila kuyanyoosha.

Kabula hakulia upesi. Alimtazama mtoto kwanza, kwa muda.

"Nilimwuliza kila jioni kama amekula," alisema. "Kila jioni, mama. Sikumwuliza kama anaumia. Nilikuwa naona. Niliogopa kuuliza kwa sababu angenijibu, na mimi ningefanya nini?" Hapo machozi yakaja, yakamdondokea mtoto kwenye paji la uso, naye akayafuta kwa kidole gumba.

Bi Nshoma alimwacha alie. Alitaka kusema si kosa lako, akaona ni maneno ya bei rahisi, ingawa ni ya kweli. Akayasema hata hivyo, kwa sababu kuna wakati ukweli wa bei rahisi ndio mtu anaouhitaji.

"Si kosa lako, mwanangu. Ule ni ugonjwa. Una dawa, na una watu wa kukaa nawe mpaka upungue. Yeye hakuvipata."

"Ugonjwa kama homa?"

"Kama homa."

"Mama yangu alikufa kwa ini," alisema Kabula polepole. "Dada alipozaa, mtoto akaitwa kwa jina lake siku ya saba. Hakuna aliyeuliza mhuri." Alinyoosha mgongo. "Andika kweli, mama. Jina niachie mimi."

*

Saa nane Bi Nshoma alisimama langoni, mgongo kwa ofisi, mawe ya Ngusa na Minza mbele ya miguu yake. Hakutumia kipaza sauti. Alisoma kwa sauti ileile aliyosomea siku zote, na wa nyuma wakasogea.

"Sababu: Maradhi. Marehemu aliumwa huzuni kwa muda mrefu na hakutibiwa. Ng'ombe wake kumi na mmoja walikufa kwa kiu, na kiu hiyo ilimzidishia ugonjwa. Maji ya wilaya hii hutoka siku mbili kwa wiki. Naliandika hilo kwa jina langu. Maneno ya kushtaki yaliyosikika nyumbani kwake aliyatoa kwenye taarifa ya Minza, ambayo niliipamba mimi. Anayetaka shahidi dhidi ya Mheshimiwa Shilatu aniite mimi. Niko hai, na nitakuja."

Aliikunja taarifa. Kisha mtu akapiga kelele, "Amenunuliwa huyu!" na wengine wakaitikia, na mwanamke aliyemsalimu asubuhi akatema mate chini. Bi Nshoma hakusogea. Alijua kwamba taarifa ile haingempendeza Shilatu kuliko ilivyowapendeza hawa, na kwamba kabla ya Ijumaa kiti chake mwenyewe kingekuwa na mtu mwingine. Aliogopa, na magoti yalikuwa yanamuuma.

Watu waligawanyika pembeni. Kabula alikuwa anakuja, hatua fupi fupi, mtoto mgongoni. Mzazi wa siku sita hatoki uani Nhelela, na kumwona pale barabarani kuliwanyamazisha kuliko polisi. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya ubao wa matangazo, akajaribu kuinama, akashindwa.

"Naomba jiwe langu," alisema. "Nina mtoto. Nataka kupika uji."

"Kabula," alisema Jidayi kwa upole, "ni jiwe la baba yako."

"Ndiyo. Na huyu anaitwa Luhende, kwa jina la babu yake, aliyeumwa akafa. Simngojei mtu. Maji mtayadai, kaka, nami siku arobaini zikiisha nitakuja kuyadai. Nitakuja kwa miguu yangu. Lakini jiwe linarudi jikoni."

Shangazi yake, katikati ya watu, aliziba mdomo kwa khanga. Mtoto alipiga chafya, na bibi mmoja, kwa mazoea tu, akamwambia, "Kua, Luhende." Aliposikia alichokisema aliangalia chini, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Jidayi aliinama, akalibeba jiwe.

Alilibeba begani mpaka uani, masizi yakimchafua shati, Bi Nshoma nyuma yake na Kabula nyuma yao wote kwa sababu hakuweza kwenda haraka. Akalitua kwenye alama yake majivuni. Bi Nshoma aliwasha moto, kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa miaka mingi, akavuta moshi mwingi kuliko wote. Chungu kikakaa bila kutikisika. Kwa mbali, langoni, watu walikuwa bado hawajaondoka. Sauti zao zilisikika, lakini hazikuwa zinahesabu.

Uji ulipoiva Kabula alijaza vikombe vitatu. Jidayi alikataa chake.

"Umekula, kaka?"

"Nimekula."

Alisimama, akajikung'uta mikono, akaanza kwenda. Kabula hakuweka kikombe chini. Alikuwa amekinyoosha bado, na alimtazama yale macho mekundu kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Na unaumia?" alimwuliza.

Jidayi alifungua mdomo ajibu kama watu wanavyojibu. Akaufunga. Alirudi hatua mbili, akakaa kwenye mkeka, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Ilimchukua muda kuanza kusema, na hakuna aliyemharakisha.